Lloyd Mathews

Lloyd William Mathews (Funchal, Madeira, 7 Machi 1850 – Unguja, 11 Oktoba 1901) alikuwa mwanajeshi Mwingereza aliyeunda jeshi la kisasa la Sultani wa Zanzibar, na baadaye akawa waziri mkuu wa usultani huo.

Maisha ya awali

Alijiunga na Jeshi la Majini la Uingereza mwaka 1863 akiwa kijana wa miaka 13. Alipigana katika vita dhidi ya Waashanti (Ghana ya leo) mnamo 1873–1874. Mwaka 1875 alihamishiwa meli ya HMS London, iliyotia nanga bandarini Unguja ili kuzuia biashara ya watumwa.

Jeshi la Sultani

Sultani Barghash bin Said aliwategemea askari wa Kiarabu na Wabulushi. Mwaka 1877 alimkabidhi Mathews kazi ya kuunda kikosi cha Waafrika kwa mtindo wa Ulaya. Mwaka 1881 Mathews aliacha jeshi la majini la Uingereza, akabaki na Sultani akiwa na cheo cha jenerali. Mwaka 1882 alipigana na Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui katika pwani ya Kenya ya leo.

Ghasia za Pangani, 1888

Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani mpya, Khalifa bin Said, aliikodisha Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki pwani yote kati ya mto Umba na mto Ruvuma kwa miaka 50. Kampuni ilipaswa kutawala na kukusanya ushuru kwa jina la Sultani.

Mwezi Agosti mwakilishi wake mjini Pangani, Emil von Zelewski, alitaka bendera ya kampuni ipandishwe. Liwali alikataa. Konsuli mkuu wa Ujerumani, Gustav Michahelles, aliiunga mkono kampuni, na wanamaji wa manowari ya Kijerumani wakashuka mjini, wakaingia hata msikitini. Wenyeji waliinuka, wakaongozwa na Abushiri bin Salim.

Septemba Sultani alimtuma Mathews pamoja na askari kutuliza mji. Alifaulu kuwatoa Wajerumani na kuwapeleka Unguja wakiwa hai. Lakini wenyeji walikuwa wamekasirishwa na Sultani mwenyewe kwa kuikodisha nchi yao, na jenerali wake alikuwa Mzungu pia. Walimtaka aondoke, naye akarudi Unguja bila kurejesha utulivu.

Hivyo ilionekana kwamba jeshi alilolijenga kwa miaka kumi halikuweza kulinda mkataba ambao watu wa pwani hawakuukubali. Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann na jeshi. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mwaka uliofuata Ujerumani ililipa mark milioni 4, na pwani ikatoka kabisa mikononi mwa Sultani.

Waziri mkuu

Zanzibar ikawa nchi lindwa ya Uingereza mwaka 1890. Mwaka 1891 Mathews aliteuliwa kuwa waziri mkuu, na tangu hapo mapato na matumizi ya serikali yakawa chini ya Waingereza. Mwaka 1896 alimpinga Khalid bin Barghash aliyejitangaza Sultani. Tarehe 27 Agosti manowari za Uingereza zilishambulia jumba la Sultani kwa muda usiofika saa moja. Mwaka 1897 utumwa ulikoma kutambuliwa na sheria.

Kifo

Mathews alifariki kwa malaria, akazikwa katika makaburi ya Waingereza nje ya Mji Mkongwe.