Abdus Salam: Aliyewajengea wengine daraja

KWA kijana wa Katubuka, Kigoma, anayetamani shahada ya uzamivu ya hisabati, maisha ya hayati Profesa Abdus Salam yana funzo.

Salam alizaliwa mwaka 1926 Jhang, katika nchi ambayo sasa ni Pakistan. Akisoma chuo mjini Lahore, mwalimu wake, Sarvadaman Chowla, alimpa swali la mwanahisabati Ramanujan. Ufumbuzi wake ulichapishwa mwaka 1943, akiwa na miaka 17.

Baada ya uzamivu Cambridge alirejea Lahore kufundisha, lakini hakupata mtu wa kujadiliana naye utafiti. Mwaka 1954 alirudi Uingereza.

Upweke huo hakuusahau. Mwaka 1964 aliasisi kituo cha kimataifa cha fizikia mjini Trieste, Italia, ili wasomi wa nchi maskini wanoe taaluma bila kuzihama nchi zao. Mwaka 1979 alitunukiwa Nobel ya Fizikia. Mwaka 1991 kituo kilianzisha stashahada, ikiwamo ya hisabati, kwa wahitimu wanaojiandaa kwa uzamivu.

Alifariki dunia mwaka 1996. Kituo hicho kinaitwa kwa jina lake. Yeye aliinuliwa na swali la mwalimu mmoja. Wengine aliwaachia mlango wazi.