Daktari wa Jicho Moja na Ramani ya Kansa

Kila likizo nikishuka stendi ya Bariadi, swali ni lile lile: umeshakuwa daktari? Huwa nacheka tu. Mimi nasoma afya ya mazingira, na nyumbani tofauti hiyo haimsumbui mtu. Ila sababu ya kusoma nachokisoma ninayo, na leo naomba niiseme kupitia maisha ya marehemu mmoja.

Mtoto wa baba yangu mdogo alivimba taya akiwa na miaka sita. Akapewa vidonge, kisha likang'olewa jino. Uvimbe haukujali. Mtaani wakaanza kunong'ona kwamba karogwa, na wiki zikapotea kwa mganga. Tulipofika hospitali kubwa jicho lilikuwa limeshasukumwa nje, na muda ulikuwa umekwisha. Jina la ugonjwa nilikuja kulikuta maktaba, hapa chuoni: limfoma ya Burkitt. Nikadhani ni neno la Kilatini. Kumbe Burkitt ni mtu, na kazi yake aliifanya hapa jirani, ng'ambo ya ziwa letu.

Denis Burkitt alizaliwa mwaka 1911 Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi, na muda wake wa ziada aliutumia kuwavisha ndege pete miguuni na kuchora ramani ya mahali kila mmoja anapokaa. Hilo likumbukeni. Denis mwenyewe, akiwa na miaka 11, alipigwa jiwe na jicho la kulia likapotea. Alianza chuo Dublin kwa uhandisi, akabadili kozi na kuhamia udaktari. Akawa mpasuaji. Alipoomba kazi ya serikali ya kikoloni Afrika, walimkataa kwa ajili ya lile jicho. Vita vya pili vya dunia ndivyo vilivyomleta Afrika Mashariki, na mwaka 1946 akapangiwa Lira, Uganda, kisha Kampala, hospitali ya Mulago.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita aangalie mtoto aliyevimba mataya pande zote mbili. Muda si mrefu akakutana na mwingine huko Jinja, sura ile ile. Mwingine angeandika faili na kuendelea na foleni. Burkitt alijiuliza mambo ya kishamba kabisa: hawa watoto wanatoka wapi? Na wapi hawatoki? Akachapisha vikaratasi vyenye picha, akavituma hospitali nyingi za Afrika, akaomba wenye kuuona uvimbe huo wamjibu. Majibu yakija, anayaweka kwenye ramani. Mtoto wa baba yake kweli!

Ramani ikaonyesha mkanda unaokatisha katikati ya Afrika. Ili ajue mpaka wake uko wapi, Oktoba 1961 aliondoka Kampala na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, ndani ya Ford kuukuu iliyonunuliwa kwa pauni 250. Walizunguka wiki 10, maili 10,000 hivi, wakaingia zaidi ya hospitali 50, hadi Afrika Kusini na kurudi. Tanganyika walipita wakati sisi tunajiandaa kupata uhuru. Hawakuwa na maabara. Walikuwa na picha, na swali moja: mmewaona watoto wa namna hii?

Jibu lilikuwa hali ya hewa. Karibu na Ikweta, ukipanda zaidi ya mita 1,500 ugonjwa unakuwa adimu. Penye baridi au ukame mkali, vivyo hivyo. Ukifananisha na ramani ya malaria, zinakaribiana mno. Bariadi yetu, nimeangalia, iko chini ya mita 1,500.

Burkitt alihisi mbu ndiye anayebeba kirusi cha kansa hii. Hapo alikosea. Kirusi kweli kilikuwepo: mwaka 1961 Anthony Epstein alihudhuria mhadhara wake London, akaomba vipande vya uvimbe visafirishwe kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi kilichoonekana kwenye hadubini ya elektroni. Ila kirusi hicho huambukizwa kwa mate, na karibu sisi sote tunacho. Malaria ya kujirudia ndiyo inayochosha kinga ya mtoto mpaka kirusi kinapata upenyo. Watafiti wengine wameutilia shaka pia utomvu wa mnyaa, mti ule ule tunaozungushia boma Usukumani, kwa sababu maabara umeonyesha kukiamsha kirusi. Kwa binadamu hilo halijathibitishwa, kwa hiyo msikimbilie panga. Nyumbani uzio wetu ni mnyaa. Nauangalia tofauti siku hizi.

Tena, Kampala haikuwa na mashine za mionzi. Burkitt akajaribu dawa za kansa, na baadhi ya watoto uvimbe ukayeyuka kabisa baada ya dozi chache. Hapo ndipo ninapoumia. Ugonjwa uliomchukua mdogo wangu unatibika ukiwahiwa.

Aliondoka Uganda mwaka 1966 akageukia chakula, akisema Waafrika wa vijijini wanaokula nafaka isiyokobolewa hawapati kansa ya utumbo mpana kama Wazungu. Bibi yangu na michembe yake angempenda. Sisi wa chipsi za bumu tujitafakari. Alifariki mwaka 1993 Uingereza.

Simsifii kwa sababu alikuwa na akili kuliko wote. Namsifu kwa sababu aliuliza swali ambalo hata mimi wa mwaka wa pili naweza kuuliza, akalifuata kwa gari bovu. Simiyu tuna maswali ya aina hiyo. Kichocho cha mkojo kinajulikana kusababisha kansa ya kibofu, na watoto bado wanaoga kwenye malambo na majaruba. Baba zetu wanapulizia pamba bila hata kitambaa puani. Nani anaweka alama kwenye ramani?

Mimi fildi ya mwaka huu nimeomba nyumbani. Na kwako unayesoma: ukiona mtoto taya linavimba haraka, usiishie kung'oa jino. Mpelekeni hospitali wiki hiyo hiyo, na muombe rufaa hadi Bugando, Mwanza. Sisi tulichelewa.