William Farr na Daftari la Vifo
William Farr alizaliwa mwaka wa 1807 kijijini Kenley, Uingereza, katika familia fukara. Baada ya kusomea utabibu, aliajiriwa katika ofisi kuu ya usajili jijini London, ambako aliwahimiza madaktari waandike bayana chanzo cha kila kifo. Kwa miaka mingi alishikilia kwamba kipindupindu huenezwa na hewa chafu. Hata hivyo, maradhi hayo yalipozuka mashariki mwa jiji mwaka wa 1866, daftari lilidhihirisha kwamba wengi wa waliofariki walitumia maji ya kampuni moja. Farr hakuipuuza hesabu hiyo. Aliyatangaza maji kuwa ndiyo msambazaji mkuu. Aliaga dunia mwaka wa 1883. Uainishaji wake wa visababishi vya vifo ni miongoni mwa misingi ya mfumo wa kimataifa unaotumika hadi leo.