Johannes Rebmann, Msomaji wa Neno Mchana na Gizani

Sisi tukaao Kigera na sehemu nyingine za Musoma tumezoea kulitazama ziwa letu, wala hatukumbuki kwamba zamani watu wa Ulaya hawakujua liko wapi. Miongoni mwa wale waliowapasha habari za ziwa kubwa lililo katikati ya nchi hizi, alikuwako mtumishi mmoja wa Injili ambaye yeye mwenyewe hakulifikia kamwe. Jina lake Johannes Rebmann. Mwezi huu twataka kuyasimulia maisha yake, walakini si kwa ajili ya ziwa. Twataka tuone jinsi alivyosoma Biblia, kwa maana wengi wetu huuliza tutalijuaje kusudi la Mungu wakati wa taabu.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, katika nchi ya Württemberg, Ujerumani. Watu wa kwao walikuwa na desturi ya kukusanyika nyumbani mwao na kuyasoma Maandiko pamoja. Alipokuwa kijana alijifunza katika shule ya wamisionari mjini Basel, kisha chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza kikampeleka Afrika ya Mashariki. Alifika Mombasa mwaka wa 1846. Huko alimkuta Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa amemzika mkewe na mtoto wake mchanga mwaka wa 1844. Katika mwezi wa Agosti hao wawili walihamia Rabai, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, nao wote wawili walikuwa na homa siku ile. Basi kazi ya Rabai ilianzwa na wagonjwa wawili.

Mwaka wa 1848 Rebmann alisafiri kwenda nchi ya Wachaga pamoja na wapagazi wachache, na kiongozi wao alikuwa Bwana Kheri. Siku ya tarehe 11 Mei asubuhi aliona kitu cheupe juu ya mlima. Akamwuliza kiongozi wa njia, naye hakuwa na jina la kukiita, ila alisema ni baridi tu. Rebmann, ambaye kwao aliijua theluji, akatambua mara moja kwamba ndiyo aliyoiona. Mlima ule ni Kilimanjaro.

Baadaye kidogo wakaketi kupumzika, naye akafungua Biblia yake. Hakutafuta huku na huku neno la kuifaa siku ile. Alisoma sehemu iliyofuata katika usomaji wake wa kila siku, nayo ilikuwa Zaburi ya 111. Zaburi hiyo huyasifu matendo makuu ya Bwana, na katika mstari wa sita husimulia jinsi alivyowadhihirishia watu wake nguvu za kazi zake na kuwapa urithi wa mataifa. Rebmann akautazama mlima, kisha akalitazama Neno, akaona kwamba mambo aliyoyahisi moyoni bila kuyafahamu vizuri yameandikwa pale waziwazi. Hivyo mahali pale penye nyasi, bila kengele wala madhabahu, palikuwa mahali pa ibada.

Je, yaliyofuata yalikuwa mafanikio? Sivyo. Mwaka uliofuata, yaani 1849, alirudi Uchagani akiwa na vitu vya kumfikisha hata Unyamwezi. Lakini Mangi Mamkinga wa Machame alimwondolea mali yake karibu yote, naye akarudi pwani mikono mitupu, katika mvua na ugonjwa. Hakukanyaga tena Uchagani. Ulaya nako mtaalamu mmoja wa London alikataa kabisa habari ya theluji karibu na ikweta, akahesabu kwamba macho ya Rebmann yamemdanganya. Miaka mingi ikapita mpaka msafiri von der Decken alipoupanda mlima ule kwa sehemu, mwaka wa 1861 na wa 1862, akathibitisha maneno yake.

Rebmann alikaa Rabai. Krapf alitamani vituo vya misioni vienee upesi katikati ya Afrika, bali Rebmann aliona heri kukaa mahali pamoja, kujifunza lugha na kufundisha kwa saburi. Alikusanya maneno ya Kinyika, ya Kiswahili na ya Kinyasa. Mwaka wa 1851 alimwoa Emma, na mtoto wao aliishi siku chache tu. Mwaka wa 1857 Wamasai waliishambulia nchi, naye akalazimika kukaa Unguja kwa muda. Mwaka wa 1866 Emma naye akafariki. Waliobatizwa walikuwa wachache wa kuhesabika, na mmoja wao alikuwa mzee Abe Gunja.

Kisha macho yake yakaanza kuingia giza. Mtu aliyeona theluji ambayo wengine walikataa kuiamini, na ambaye kila siku alisoma Maandiko kwa macho yake, sasa akawa kipofu. Mwaka wa 1875, baada ya miaka 29, alirudi kwao. Aliyemshika mkono njiani alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja. Twaomba msomaji atulie kidogo hapo. Mavuno yake yalikuwa machache, lakini mkono uliomwongoza gizani ulitoka katika mavuno hayo. Rebmann alifariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876.

Mwaka wa 1893, miaka 17 baada ya kufa kwake, wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walianza kazi Machame, katika nchi ile ile alikonyang'anywa mali. Leo sharika zetu zimejaa katika miteremko ya mlima ule. Mstari aliousoma Rebmann ulikuwa na kusudi, ila kusudi lenyewe lilikuwa refu kuliko maisha yake.

Ndugu, wako miongoni mwetu ambao siku ya msiba hufumba macho, huifungua Biblia popote, na kuweka kidole, kama mtu apigaye bao. Wasipoona jibu wakati ule ule huifunga na kusema Mungu amenyamaza. Rebmann hakusoma hivyo. Alisoma kwa utaratibu siku za afya na siku za homa, na siku Bwana alipotaka kumwonyesha jambo, alimkuta tayari ameketi mbele ya Neno. Na ahadi ilipokawia hakukimbia mahali pake.

Basi mvua ikikosa, au nyavu zikirudi tupu, au kitanda cha mgonjwa kikikaa nyumbani miezi mingi, tusingoje siku ya hofu ndipo tuitafute Biblia. Tuanze jioni ya leo, sura moja, na kesho ile inayofuata. Na kama yuko nyumbani mzee ambaye macho yake yamechoka, mtoto ajuaye kusoma na aketi karibu naye amsomee. Hivyo mtoto huyo atamshika mkono mzee wake, kama Nyondo alivyomshika Rebmann.