Bwana Joseph Lister na Vidonda Vilivyooza

Wasomaji wetu, kila mtu aliyepata kulala hospitalini ameona jinsi wauguzi wanavyonawa mikono kabla ya kugusa kidonda, na jinsi vyombo vya kupasulia vinavyosafishwa. Tumeizoea desturi hii hata hatuulizi ilitoka wapi. Kwa hiyo tumeona vema kueleza maisha ya Bwana Joseph Lister. Maana katika habari zake twaona jinsi akili ya mtu mmoja inavyofaa, na jinsi isivyowafaa wengi mpaka wenziwe waijue.

Lister alizaliwa tarehe 5 Aprili 1827 huko Upton, karibu na London, katika nchi ya Uingereza. Wazazi wake walikuwa watu wa Kanisa la Marafiki. Baba yake alikuwa mfanyi biashara ya mvinyo, lakini alisifiwa na wataalamu kwa kuwa aliitengeneza hadubini ikawa bora kuliko ilivyokuwa. Hivyo mwana naye alizoea mapema kutazama vitu visivyoonekana kwa macho matupu. Alipokwisha kusoma udaktari alikwenda Edinburgh mwaka 1853, akajifunza kupasua kwa Profesa James Syme, na mwaka 1856 akamwoa binti yake, jina lake Agnes. Mwaka 1860 akafanywa profesa katika mji wa Glasgow.

Siku zile dawa ya usingizi ilikuwa imekwisha kujulikana, na madaktari waliweza kukata mguu wa mtu asisikie maumivu. Lakini baada ya siku chache kidonda kilitoa usaha na kunuka, homa ikapanda, na wengi wakafa. Katika miaka ya 1864 na 1866 Lister alikata viungo vya watu 35, nao 16 wakafa. Madaktari wengi walisema kwamba sababu ni hewa mbaya, wala hawakuitazama mikono yao wenyewe.

Lakini huko Vienna yuko daktari aliyeitazama. Mwaka 1847 Ignaz Semmelweis aliwaamuru wenziwe wanawe kwa maji ya klorini kabla ya kuwazalisha wanawake, na mara vifo vikapungua sana. Hata hivyo alikawia kuandika habari hizo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1861 tu, tena chenye hasira nyingi juu ya wenziwe, na wengi hawakukisikiliza. Lister hakupata habari zake wakati ule. Semmelweis alikufa tarehe 13 Agosti 1865.

Basi Lister alisaidiwa kwa njia nyingine. Katika Glasgow alikuwako mwalimu wa kemia, Thomas Anderson, aliyemwonyesha maandiko ya Louis Pasteur wa Ufaransa. Pasteur hakuwa daktari. Alichunguza kwa nini mvinyo na maziwa huchacha, akaona kuwa ni kazi ya vijidudu vyenye uhai. Lister akawaza kwamba labda na kidonda huoza kwa sababu iyo hiyo. Tena alikuwa amesikia ya kuwa katika mji wa Carlisle watu walitia dawa ya kaboliki katika maji machafu ili yasinuke. Tarehe 12 Agosti 1865, siku moja tu kabla ya kufa kwake Semmelweis, aliletewa mtoto wa miaka 11 aliyekanyagwa na gurudumu la gari, mfupa wa mguu ukavunjika na ngozi ikapasuka. Lister akafunika kidonda kwa kitambaa kilicholoweshwa kaboliki. Baada ya siku 4 hapakuwa na usaha, na baada ya majuma 6 mfupa umeunga.

Hakuificha siri hii. Mwaka 1867 aliiandika katika gazeti la madaktari liitwalo The Lancet, akieleza mgonjwa mmoja mmoja, hata yule aliyekufa na yule aliyekatwa mguu. Kisha katika miaka ya 1867 hata 1869 alikata viungo vya watu 40, wakafa 6.

Hata hivyo wengi katika Uingereza walibisha. Wengine walimimina kaboliki kidogo juu ya kidonda, kisha wakakigusa kwa vidole vichafu. Kilipooza wakasema njia ya Lister ni bure. Lakini Saxtorph wa Copenhagen, Volkmann wa Halle na Nussbaum wa Munich waliifuata kwa bidii, na vidonda vya wagonjwa wao vikaacha kuoza. Lister alipozuru Ujerumani mwaka 1875 alipokewa kwa shangwe. Mwaka 1877 akahamia London, walikokuwa wapinzani wake, akapasua mbele ya macho yao.

Naye hakuona haya kujifunza. Mwaka 1874 alimwandikia Pasteur barua ya kumshukuru. Kwa miaka mingi alinyunyiza kaboliki hewani; alipotambua kuwa haina haja, mwaka 1890 alikiri mbele ya mkutano wa madaktari huko Berlin. Mwaka 1892 Paris walipomsherehekea Pasteur, wazee hao wawili walikumbatiana mbele ya watu wote. Lister alikufa tarehe 10 Februari 1912, mwenye miaka 84.

Sisi twaona kwamba Semmelweis hakumpungukia Lister kwa akili wala kwa huruma. Lakini kati ya mwaka 1847 na mwaka 1867 imepita miaka 20, na wagonjwa waliokufa katika miaka hiyo nani awezaye kuwahesabu? Daktari au muuguzi, hata awe peke yake katika zahanati ndogo, asiyaweke moyoni aliyoyaona. Na amwandikie mwenziwe aliye mbali, amwulize asilolijua, amweleze lililomshinda pamoja na lililomfaulu. Wala asimdharau mwenziwe kwa kuwa kazi yake ni nyingine.