Edmund Morel, karani aliyetoa inje siri za Leopold

Edmund Dene Morel alizaliwa Paris mwaka 1873, baba Mfaransa, mama Mwingereza. Alikuwa karani tu wa Elder Dempster, kampuni ya meli ya Liverpool iliyobeba mizigo ya Kongo ya Mfalme Leopold II. Sababu alijua Kifaransa, wakubwa walikuwa wanamutuma Anvers na Brussels kufuata hesabu.

Pale bandarini akaona kitu. Meli zilifika zimejaa mpira na pembe za tembo. Zikirudi Kongo zilibeba bunduki na masasi, na bidhaa za kulipa watu karibu hakuna. Akaelewa: huku kwetu watu walitumikishwa kwa nguvu, bure. Akaambia mukubwa wake, haikumufurahisha. Mwaka 1901 Morel akaacha kazi, akaanza kuandika.

Karani ana haki ya kutoa inje siri za kazi? Kwa ile ya Anvers jibu si ngumu, maana siri yenyewe ilifunika watu waliokuwa wanakufa. Na mwaka 1908 Leopold alilazimika kuachia Ubelgiji Kongo, hata kama kazi ya nguvu haikuisha siku ile.

Kwenye kugumu ni Boma. Pale aliishi Hezekiah Shanu, mutu wa upande wa Lagos, mupiga picha na mufanyabiashara. Yeye njo alimutumia Morel karatasi za kesi ya Caudron, mzungu wa kampuni ya mpira, zilizoonyesha kama serikali nayo ilikuwa na mkono. Aliomba jina lake lisitajwe kamwe. Kisha akaamini mukubwa mumoja wa polisi, na yule akamufichua. Kumufunga waliogopa, sababu alikuwa raia wa Uingereza. Wakakataza tu wafanyakazi wa serikali kununua kwake. Biashara ikakufa. Julai 1905 Shanu akajiua.

Morel alikuwa Uingereza, salama. Hakukanyaga Kongo hata siku moja. Mwenye kusema matokeo mazuri yanalipa deni yote, aweke na Shanu kwenye hesabu.

Zamu ya Morel ilifika 1917: miezi 6 ya gereza, kwa kutuma maandishi yake ya kupinga vita Uswisi bila ruhusa. Mwaka 1920 aliandika maneno mabaya sana juu ya maaskari weusi wa Ufaransa kule Ujerumani, na hiyo isifichwe. Mwaka 1922 alimushinda Winston Churchill kwenye uchaguzi wa Dundee. Alikufa Novemba 1924.