Luanda Magere: Shujaa wa Kano na Mke Aliyetoka kwa Adui

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Kisii, akishaiacha Ahero, hupita soko la Katito katika nchi ya Nyakach. Nyuma yake huwa ni uwanda wa Kano, wenye mashamba ya mpunga na miwa, na mbele yake ni Sondu, ambapo nchi ya Waluo inapakana na nchi ya Wakipsigis. Sisi watu wa pwani habari za sehemu hizo hatuzijui sana. Wengi wetu tunaijua Kisumu kwa samaki wake, na kwa reli iliyoanzia Mombasa ikafika huko ziwani mwaka 1901. Lakini mgeni akiketi na wazee wa nchi hiyo, hapiti muda kabla ya kulisikia jina la Luanda Magere.

Luanda Magere aliishi zamani, kabla ya Mwingereza kuja kuchora mipaka. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa, kwani habari zake zimepokewa kwa mdomo, mzee akimsimulia mjukuu. Alikuwa mtu wa ukoo wa Sidho katika Kano. Neno luanda kwa Kiluo maana yake ni mwamba, na wasimulizi husema kwamba jina hilo lilimfaa, kwa kuwa mwili wake ulikuwa mgumu kama jiwe. Mkuki ukimpiga ulipinda, na mshale ukimgusa ulianguka chini.

Siku hizo Waluo wa Kano na jirani zao wa milimani, ambao Waluo huwaita Lang'o, yaani Wanandi na jamaa zao, walikuwa wakinyang'anyana ng'ombe. Kila upande ulimdharau mwenzake kwa mila zake. Wanandi walipita jandoni, na mtu asiyetahiriwa walimhesabu kuwa mtoto hata kama ana mvi. Waluo hawakutahiri, alama yao ya utu uzima ilikuwa kung'oa meno sita ya chini, na asiyeng'olewa ndiye aliyekuwa mtoto machoni mwao. Basi watu wawili wazima walikutana vitani, na kila mmoja akimwona mwenzake kuwa ni mtoto mkubwa wa umbo.

Katika vita hivyo Luanda Magere alikuwa ngao ya watu wake. Kila walipokuja Lang'o, aliwarudisha peke yake, na wengi wao hawakufika kwao. Wazee wa Lang'o wakaona kwamba kwa nguvu hawatamweza. Wakafanya shauri, wakamchagua binti mzuri kuliko wote, wakampeleka kwa Luanda awe mkewe na iwe ndiyo alama ya amani.

Wazee wa Kano hawakuipenda posa hiyo, wakamwonya kwamba anayeingia nyumbani kwake ni jicho la adui. Luanda hakusikia. Alimpokea yule binti, akamjengea nyumba, akampenda. Nao wasimulizi hawasemi kwamba alikuwa mke mbaya. Alipika, alilima, akaishi kama waishivyo wake wengine.

Siku moja Luanda akashikwa na maradhi, na mke mkubwa hakuweza kumwuguza. Akamwita yule mke wa Lang'o amchanje chale na kumtia dawa. Mke akachukua wembe, akakata, wembe haukuingia. Akakata tena, vilevile. Luanda, kwa uchungu wa ugonjwa, akamwambia asiuchanje mwili bali akichanje kivuli chake. Mke akastaajabu, lakini akatii, na kivuli kilipoguswa na wembe damu ikatoka. Usiku ule, mume alipolala, mke akaondoka akaenda kwao, akawaeleza wazee wake alichokiona.

Haukupita muda vita vikaanza tena. Luanda akatoka kama desturi yake, na Lang'o wakaanza kukimbia. Ndipo mmoja wao akaukumbuka ule wasia, akageuka, akautupa mkuki kwenye kivuli. Luanda Magere akaanguka akafa, na wanasema mwili wake ukageuka jiwe papo hapo. Jiwe hilo huonyeshwa hadi leo katika nchi ya Sidho, na iliaminiwa kwamba mwindaji akinoa mkuki wake juu yake hatarudi mikono mitupu.

Hivi ndivyo wanavyosimulia Waluo, na mafunzo wayatoayo ni mawili: mtu asiidharau nasaha ya wazee, na asimfungulie siri mke wa kigeni. Lakini ndugu msomaji, tujiulize, kisa hikihiki kikisimuliwa juu milimani kitakuwaje? Huko binti yule hawezi kuitwa msaliti. Atakuwa ni mwanamke aliyekubali kwenda kulala nyumbani kwa mtu aliyewaua ndugu zake, akavumilia, akarudi na kitu kilichowaokoa watu wake. Tendo ni moja, lakini jina lake hubadilika kwa kuvuka mto tu.

Sisi wa pwani nasi tunaye wetu, Fumo Liyongo, ambaye kaburi lake huonyeshwa Ozi, karibu na Kipini. Naye silaha hazikumpata. Naye, kama tuujuavyo utenzi wake, alipewa mke kutoka kwa watu wengine, Wagala, waliotaka kupata mbegu ya shujaa yule. Lakini siri ya Liyongo haikutolewa na mke huyo mgeni. Aliyemchoma sindano ya shaba kitovuni ni mwanawe wa kumzaa, na aliyemtuma ni jamaa yake, mtawala wa Pate, aliyeogopa kunyang'anywa enzi.

Mbona mashujaa wanaofanana hivi wakafa kwa mikono isiyofanana? Huenda jawabu limo katika ndoa zetu. Mluo haoi katika ukoo wake. Hilo ni mwiko mkubwa. Kwa hiyo kila mke aliyemo katika boma la Mluo ametoka kwa watu wengine, na kila mume ameishi na swali la moyoni, kwamba siku ya ugomvi baina ya kwetu na kwao, huyu atakuwa wa nani? Pwani, kinyume chake, mtu kumwoa binti ami si jambo la ajabu. Mke mara nyingi ni damu yetu, na mashaka yetu yamekaa kwingine: kwa ndugu tunaogombania naye urithi. Basi kila watu wamekiweka kifo cha shujaa wao mahali wanapopaogopa wao wenyewe. Tukimsikia Mluo akimlaumu mke wa kigeni, tusikimbilie kumcheka. Naye akisikia habari za Liyongo anaweza kustaajabu ni watu gani hawa wanaouawa na watoto wao.

Jambo hili si la hadithi tu. Mwaka 1991, mwezi wa Oktoba, mapigano yalianza katika shamba la Miteitei, upande wa Nandi, baina ya Wakalenjin na Waluo, yakaenea mpakani. Hapo Sondu nako damu imemwagika zaidi ya mara moja. Nyakati kama hizo nyumba yenye mume wa huku na mke wa kule huwa katika mtihani mkubwa, maana jirani huanza kumtazama mke yule kwa macho ya wale wazee wa Kano, ingawa hana wembe mkononi, na watoto wake wamezaliwa hapohapo.

Hata hivyo siku ya soko ikifika, watu hushuka tena. Mahindi, samaki, vyungu na ng'ombe hubadilishana mikono hapo Sondu, na utamsikia mwuzaji wa Kiluo akitaja bei kwa Kikipsigis, na mnunuzi akimjibu kwa Kiluo, na wakishindwana wote wawili huingia katika Kiswahili. Watu hao wote wanakijua kisa cha Luanda Magere.

Luanda amebaki na jina lake na jiwe lake. Yule binti wa Lang'o, aliyevuka mpaka mara mbili, mara ya kwanza akiwa bibi arusi na mara ya pili akikimbia usiku, katika masimulizi mengi ya Waluo hatajwi hata jina.